Upande wa Chini wa Ubao

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Chiriku alianza na vyombo. Aliviosha, akavifunika, akachota maji, akafagia chumba cha mbele, kisha akawasha jiko kabla Mama hajarudi. Jina hilo la ndege mpiga kelele alipewa utotoni, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Lakini muhula huo hata yeye alikuwa amepungukiwa na maneno.

Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Mama alikuwa dobi wa hospitali, naye alishinda amesimama mbele ya mashuka yasiyokwisha. Aliporudi, aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango bila hata kuvua viatu, kama mgeni ambaye hajui atakaa au ataondoka. Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa fundi umeme. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa, alitoka kila asubuhi na mkoba wake wa vifaa kutafuta kazi, akarudi jioni na mkoba uleule na uso uleule.

"Za huko utokako?" Mama alimwuliza.

"Za huko ziulize soli za viatu vyangu," alijibu Mjomba. "Zenyewe ndizo zinazozijua barabara zote."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wasiotaka kukitumia chote siku moja.

Jambo moja tu liliwachangamsha: rafu ya vitabu. Mama aliinunua kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akifunga biashara yake. Kwa miaka mingi rafu hiyo ilibeba chupa za mafuta ya kula. Sasa ilibeba vitabu vya Mama, alivyovipata kimoja kimoja. Tatizo lilikuwa giza. Dirisha la chumba cha mbele lilitazama ukuta wa jirani, na jua liliingia kama mtu anayechungulia tu. Kila alipotaka kitabu, Mama aliinama, akavitoa vitatu vinne, akavirudisha, mpaka mgongo ukamkumbusha mashuka.

Siku moja Mjomba alirudi akiwa na mwendo wa kasi. Alikuwa amekutana na mkutubi, mama anayesimamia maktaba ya mtaa. Maktaba hiyo ilikuwa na rafu ndefu zenye giza, na mkutubi alitafuta fundi wa kuzitia taa.

"Nimemweleza kwamba nilitengeneza mitambo mikubwa kiwandani," alisema Mjomba. "Akaniambia, 'Mitambo hiyo siioni, fundi. Nionyeshe rafu.' Basi nimemwambia aje hapa Jumapili alasiri. Dada, nitaitia taa rafu yako."

"Itie," alisema Mama. "Na Mungu akutie wewe kazini."

Jumamosi Mjomba alileta mkanda wa taa za LED, ule mwembamba kama utepe wenye vitone vya taa mbele na gundi mgongoni. Kabla ya kutoka tena kwenda kutafuta adapta na swichi, alimwita Chiriku.

"Mpwa wangu, leo wewe ndiwe msaidizi wangu. Toa vitabu vyote. Kila ubao ufute kwa kitambaa chenye spiriti, hasa upande wa chini, kwa maana huko ndiko taa zitakakobandikwa. Gundi na mafuta ni paka na panya. Hawakai nyumba moja. Hata kama huoni uchafu, futa."

"Sawa, Mjomba."

Chiriku alitoa vitabu. Alifuta juu ya mbao, kazi ikaenda vizuri. Kisha alilala chali sakafuni, akaingiza mkono chini ya ubao wa kwanza. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai. Alikisuuza, akarudia, kikatoka vilevile. Shingo ilimuuma, harufu ya spiriti ilimwingia puani, na matone yalimdondokea kwenye paji la uso. Ubao wa kwanza ulipokuwa safi, aliuacha mkono uanguke sakafuni. Mbao nyingine zilimtazama kutoka juu kama ngazi isiyo na mwisho.

"Chiriku! Umeolewa na rafu?" Alikuwa rafiki yake wa darasani, aliyeitwa Pilipili kwa ukali wa ulimi wake. Alisimama mlangoni, kamba ya kuruka mkononi.

"Nina kazi. Nafuta chini ya mbao."

"Chini? Kwani kuna mtu atalala sakafuni kuja kukagua? Huko hata mende hatazami!"

Chiriku aliangalia kitambaa, akaangalia mbao. Kwa kweli hakwenda kucheza. Alijiburuta hadi kizingitini, akakaa akiwatazama wenzake wakiruka, naye hana nguvu hata ya kuwahesabia. Alijiambia atapumzika kidogo, kisha ataendelea. Mjomba alimkuta papo hapo.

"Umefuta zote?"

"Nimefuta."

"Na chini?"

"Na chini pia."

Hakupanga kusema uongo. Maneno yalimtoka kama pumzi, kwa kuwa alikuwa amechoka na jibu hilo lilikuwa jibu la kumaliza mazungumzo.

Mjomba hakukagua. Alikata mkanda penye alama zake, akaubandika chini ya kila ubao, akaukandamiza kwa dole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliunganisha waya, akawaita wote, akabonyeza swichi. Chumba kilibadilika. Migongo ya vitabu iliwaka rangi zake, nyekundu, buluu, kijani. Mama alisimama akasoma majina ya vitabu kwa sauti, kimoja baada ya kingine, bila kuinama.

"Fundi ni fundi," alisema, na Mjomba akainamisha uso kuficha furaha yake. Chiriku naye alitabasamu, lakini tabasamu lake lilikataa kutulia.

Jumapili kulikuwa na joto kali. Mkutubi alifika akijipepea kwa mkono, mama wa makamo mwenye miwani na miguu iliyochoka kupanda ngazi za maktaba. Mjomba aliwasha taa. Mkutubi alisogea karibu, akasoma majina ya vitabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwanga hauumizi macho," alisema. "Huu ndio ninaoutaka. Sasa, fundi, unaweza kuanza…"

Hapo mkanda wa ubao wa kati ulibanduka. Ulianza pembeni, taratibu, kisha ukaachia wote na kumning'inia mkutubi begani, ukiwaka bado. Kabla Mjomba hajaukamata, wa chini yake nao ukafuata.

Mkutubi aliutoa begani kwa vidole viwili. "Umebandikwa lini?"

"Jana, mama."

"Jana." Alivua miwani, akaifuta. "Mimi nina rafu za ukuta mzima, na watoto wanakaa chini yake. Siwezi kila asubuhi kuokota taa sakafuni. Ahsanteni kwa kunikaribisha." Aliaga kwa upole, na upole huo uliuma kuliko maneno makali.

Mjomba alikusanya vifaa vyake bila haraka. "Labda gundi ilikuwa mbovu," alisema. "Au mikono yangu ndiyo iliyosahau kazi. Kesho nitaenda kwa wapakia magunia. Wao hawamwulizi mtu ufundi." Aliufunga mkoba, akausukuma kwa mguu uvunguni mwa kitanda alicholalia chumbani humo.

Chiriku aliuona mkoba ukitoweka. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Gundi ingebeba lawama, nayo gundi haina mdomo wa kujitetea. Lakini Mjomba alikuwa akiitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine.

"Mjomba, si gundi," alisema. "Wala si mikono yako. Sikufuta chini. Nilifuta ubao mmoja tu."

Mjomba alipitisha kidole chini ya ubao wa kati. Kilitoka kikinata. Akakigeuza kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu.

"Jana nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza tena."

"Ndiyo, Mjomba. Nilikuwa nimechoka. Nisamehe."

Hakumfokea. Alikaa kitandani kwa uzito, akavuta pumzi. "Nimekuwa nikijihukumu mbele yako, nawe unasikiliza," alisema. Chiriku alilia.

Mama aliuliza jambo moja tu: "Na mkutubi je, nani atamwambia?"

Chiriku alikwisha kufika mlangoni. Alimkuta mkutubi bado njiani, ameegemea ukuta akipumzisha miguu. Alimweleza yote, akihema, bila kumtaja Pilipili wala joto.

"Amekutuma mjomba wako?" aliuliza mkutubi.

"Hapana, mama. Yeye yuko ndani, amekwisha kata tamaa."

Mkutubi alimtazama juu ya miwani. "Maneno peke yake hayashiki taa, mwanangu. Mwambie abandike upya. Nitapita Jumapili ijayo, na sitaangalia kwa macho tu. Nitazivuta kwa mkono."

Jioni hiyohiyo walitoa vitabu tena. Mjomba alibandua kila mkanda, akakwangua gundi iliyoharibika, akaweka mpya. Chiriku alilala chali chini ya mbao. Mama alimsuuzia vitambaa, na vilipotoka vyeupe Mjomba alipitisha kidole mwenyewe kabla ya kusema, "Huu tayari." Walipomaliza, kila mmoja alikaa alipokuwa amesimama.

Jumapili iliyofuata mkutubi alikuja na ahadi yake. Alivuta mkanda wa kati, akavuta wa chini, akaingiza kucha pembeni. Haukutikisika hata mmoja.

"Utaanza na safu ya nyuma, fundi," alisema. "Ikishika mpaka mwisho wa mwezi, na zilizobaki ni zako. Lakini nani atakufutia mbao?"

"Ninaye msaidizi," alijibu Mjomba. "Siku hizi nikimwuliza, namwamini, kisha nakagua."

Wote walicheka, Chiriku akiwa wa mwisho.

Mgeni alipoondoka, Mama alimwita bintiye akae karibu naye.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," alisema. "Mimi huchoka kila siku, na mjomba wako pia. Kama ungemwambia, 'Bado, nimechoka,' angeshika kitambaa mkamaliza pamoja. Kazi iliyobaki hujulikana, na watu huweza kuimalizia. Kazi iliyofichwa haina wa kuimalizia. Hukaa kimya ikingoja kumwangukia mtu asiye na hatia. Usiogope kusema bado."

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Zoezi la hesabu la kesho umelifanya?"

Chiriku alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasema, "Bado, Mama. Nimechoka."

Mama alipiga miayo mirefu, akavuta kiti karibu na rafu penye mwanga.

"Lilete," alisema. "Tuone tutafika wapi."