Kifua Kilichopimwa Kilikuwa Changu

Nina umri wa miaka sabini na tatu. Mke wangu ametangulia, wanangu wanaishi mbali, nami nipo peke yangu hapa Igowole katika nyumba ya matofali. Watu wakipita husema, "Mzee huyo alikuwa karani enzi za Wazungu." Husema kwa heshima. Laiti wangejua ukarani huo niliupataje!

Ndugu wasomaji, nisomeni hadi mwisho, kisha mnihukumu mtakavyo. Sitajitetea.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimefika darasa la kumi, na kijijini kwetu hakukuwa na mwingine. Baba alikufa tukiwa wadogo. Mdogo wangu, Tito, aliacha shule darasa la nne akashika jembe ili mimi niendelee. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema tu kwamba mimi ndiye mwenye kichwa cha vitabu, yeye ana mikono.

Nikasikia kuwa mgodi mmoja wa dhahabu kule Chunya unatafuta karani anayejua Kiingereza. Mzungu aliyeandika watu kazi kwa niaba ya mgodi huo alikuwa na ofisi Mbeya. Nikapanda lori.

Nilijiandaa, ndugu zangu! Kaptula ya kaki niliipiga pasi ya mkaa mara mbili. Soksi ndefu nyeupe, viatu vya kuazima kwa mwalimu, nywele nimezipasua njia upande mmoja. Niliingia nikasimama wima, nikasalimu kwa Kiingereza, sikukaa hadi nilipoambiwa. Hayo yote tulifundishwa shuleni.

Yule mzungu alinisikiliza, kisha akacheka. Alisema wiki ile amekwisha kuwaona vijana wanne wenye soksi kama zangu. Kiingereza hakikumpungukia. Alichopungukiwa ni watu wa kwenda shimoni. Akaniambia nikimletea watu kumi watakaopita kwa daktari, meza ya karani ni yangu. Kijana mmoja wa Tukuyu alikuwa amepewa masharti hayohayo, na atakayetangulia ndiye angepata.

Nilirudi Igowole mbio.

Kwa siku tano nilizunguka vijiji. Niliwakusanya vijana uwanjani kwetu nikawafundisha namna ya kusimama mbele ya mzungu. Jipakeni mafuta ya mgando, ngozi ing'ae. Kabla ya mizani kunyweni maji mengi. Toeni kifua mbele. Msijikune. Msiangalie chini. Mkiulizwa kama mmewahi kuugua, jibuni haraka: "Sijawahi, bwana!"

Walinicheka sana. Mmoja akauliza, "Na tumbo likinguruma kwa hayo maji, karani, nalo tulifundishe Kiingereza?"

Tito alikuwa amekaa pembeni akinoa jembe. Akadakia, "Kaka, unawafundisha kuomba kazi au kuposa? Mimi Rosina nilimpata nikiwa na tope hadi magotini!" Rosina, mke wake, alikuwa jikoni na mtoto mchanga mgongoni. Naye akacheka.

Nikapata watu tisa... Wa kumi alikuwepo, lakini asubuhi ya safari mkwe wake alimkatalia. Lori lilikuwa linanguruma barabarani. Nikageuka, macho yangu yakamwangukia Tito.

Nilijua! Hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Sikuwa mjinga. Mwaka mmoja kabla, Tito alilazwa miezi saba katika hospitali ya misheni kwa kifua kikuu. Alipopona, daktari alimwonya asifanye kazi ya vumbi maisha yake yote. Mimi ndiye niliyekuwapo nikitafsiri maneno hayo.

Nikamvuta kando. Nikamwambia ni mkataba wa mwaka mmoja tu, na nikishakuwa karani nitamhamishia stoo, juu, penye hewa. Akasema, "Kaka, ukisema wewe, basi." Mama nilimdanganya kwamba Tito hatashuka shimoni hata siku moja. Akatubariki sote wawili.

Mbeya walitupima katika banda la mabati. Kila mtu alivalishwa kibati chenye namba, kimefungwa kwa kamba shingoni. Kwanza ulikwenda kwa dresa, msaidizi wa daktari: mizani, macho na meno. Kisha ulitoka nje, ukapanga foleni ya kuingia kwa daktari wa kifua. Tito alipita vizuri kwa dresa. Mafuta yalimng'arisha, maji yalimwongezea uzito. Lakini kwa daktari? Mtu ambaye angeweka kile chombo cha kusikilizia mgongoni mwa Tito angesikia yote.

Nyuma ya banda kulikuwa na choo cha mabua. Tukaingia humo. Nikavua shati, soksi na viatu, nikavaa kibati cha Tito. Kumi na saba. Sitaisahau namba hiyo. Nikaenda kusimama kwenye foleni. Daktari alikuwa amewapima watu zaidi ya sitini tangu asubuhi, hakuinua macho. Alisikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akaandika: kifua safi kabisa. Nikarudi chooni, nikamvalisha mdogo wangu kibati chake. Tulicheka, ndugu zangu! Tulicheka hadi tukashikana mabega.

Nikapata meza ya karani.

Je, nilimhamishia stoo? Nilipofika Chunya niliambiwa stoo imejaa. Ningeweza kusisitiza, ningeweza kwenda kwa meneja. Lakini karani mpya anayeanza kuombea nduguye, angeonekanaje? Nikasema nisubiri mwezi. Mwezi ukawa miwili. Tito alishuka shimoni kila asubuhi kushika mashine ya kutoboa mwamba, akapanda jioni akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetumbukia kwenye unga. Mwezi wa tatu akaanza kukohoa.

Alikuja ofisini mara mbili. Hakuingia, alisimama dirishani. Mara ya kwanza aliniuliza kama stoo bado imejaa. Mara ya pili aliniuliza, "Kaka, niseme ukweli?" Nikamwambia avumilie, miezi iliyobaki si mingi. Nilimwambia ukweli ukijulikana tutafukuzwa sote wawili, na mama atakula nini? Kumbe nilikuwa ninawaza meza yangu.

Nyapara wa shimo lake alikuwa mtu wa maneno. Tito akipumzika, alipiga kelele wenzake wasikie: "Mdogo wake karani! Umekuja mgodini kuchimba au kulala? Nikuletee mto?" Watu walicheka. Baadaye wakaacha kucheka, kwa sababu Tito alikuwa akikohoa akiwa amepiga magoti.

Wakampeleka kwa daktari wa mgodi. Huyu hakuwa yule wa Mbeya, na hakujua Kiswahili zaidi ya "njoo" na "kwenda". Akahitaji mkalimani. Nani mwingine? Nikaitwa mimi.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penyewe...

Tito alikuwa amekaa kwenye benchi, hana shati. Mbavu zilihesabika. Daktari alishika kadi yake mkononi, ile ya Mbeya. Akaniambia kuna jambo halielewi. Kadi inasema mtu huyu aliingia na kifua safi kabisa, na sasa baada ya miezi mitatu tu analalamikia kifua. Ama aliugua zamani akaficha, ama anajifanya mgonjwa ili akwepe mkataba. Akaniagiza, "Muulize kama amewahi kuugua kifua."

Nikamuuliza.

Tito hakujibu haraka kama nilivyokuwa nimewafundisha. Alinitazama mimi, si daktari. Akasema taratibu, kwa Kihehe, ili mlinzi aliyekuwa mlangoni asielewe: "Mwambie, kaka. Mwambie niliugua, nililazwa miezi saba. Mimi siwezi tena. Mwambie tu mimi ndiye niliyeficha, wewe usijitaje."

Mnaona? Hata pale alikuwa amenitafutia pa kutokea!

Lakini niliogopa. Niliwaza kwamba wakichunguza, watauliza ni kifua cha nani kilichopimwa Mbeya. Watauliza ni nani aliyemleta. Nikamgeukia daktari, nikasimama wima, nikatamka Kiingereza changu kizuri. Nikasema: "Anasema hajawahi kuugua kifua tangu azaliwe."

Daktari akafunga kadi. Akaandika neno moja tu, mvivu, akaagiza arudishwe kazini na akatwe siku zile alizokosa. Tito hakujua Kiingereza. Lakini aliona ile kadi ikifungwa. Alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote pole pole, akapita mbele yangu akatoka.

Hakuja tena dirishani.

Siku ya kumi na tisa baada ya hapo alitapika damu kule chini. Walimpandisha kwenye ndoo ya kutolea mawe. Mgodi haukuwa na haja tena na mtu wa namna hiyo, wakampakia kwenye lori lililokuwa linakwenda Iringa. Mimi ndiye niliyeandika cheti chake cha kuachishwa kazi, kwa mwandiko mzuri. Sikupewa ruhusa ya kumsindikiza. Uongo! Sikuiomba.

Aliishi wiki sita nyumbani. Nilipofika msibani, watu walinipokea kwa kilio na shukrani. Mama alinishika mikono miwili mbele ya waombolezaji wote, akasema, "Mwanangu, Tito alituambia ulimsemea kwa daktari. Ulijitahidi. Mungu hakupenda tu." Wazee wakaitikia. Nami nikainamisha kichwa, nikazipokea shukrani hizo... Ni binadamu gani anayefanya hivyo?

Rosina aliniletea maji ya kunawa na chakula.

Ile kazi ilidumu mwaka mmoja na nusu, kisha mgodi ukafungwa. Nikarudi nikajenga, nikaoa, nikawa mtu wa kualikwa kwenye vikao. Rosina hakuolewa tena. Alimlea mtoto wake na kumtunza mama yetu. Kwa karibu miaka arobaini alinisalimu kila siku, alinipikia kila nilipomtembelea mama, aliniita shemeji. Nilidhani siri nimeizika pamoja na Tito.

Mama alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa mzee sana. Tulipomaliza matanga, Rosina alikuja hapa kwangu. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alibaki mlangoni.

"Shemeji," aliniambia, "Tito alinieleza yote. Kibati, choo, yule daktari. Alinieleza wiki ile ya kwanza aliporudi."

Nilitaka kusema neno. Akainua mkono.

"Aliniomba nisimwambie mama. Alisema mama atabakiwa na mtoto mmoja, asinyang'anywe hata huyo. Nikamwahidi. Nimekupikia miaka yote hii kwa sababu ya ahadi hiyo, si kwa sababu yako. Sasa mama hayupo."

Nilianguka magotini, mzee mzima, nikamwomba msamaha. Akaniangalia kama unavyoangalia kitu kilichodondoka njiani ambacho si chako. Akasema, "Mwenye kukusamehe ulimrudisha shimoni." Akaondoka.

Tangu siku ile hanisalimu. Kijijini kwetu hata mgeni asiyejulikana husimamishwa akaambiwa kamwene, salamu yetu. Rosina hukutana nami njia ya kisimani, akapita.

Enyi vijana mnaotafuta kazi leo, ninawaona mkienda Mbeya na Iringa na vyeti vyenu kwenye bahasha. Pigeni pasi nguo zenu. Simameni wima, jibuni kwa adabu, hakuna ubaya wowote. Lakini mkiulizwa, semeni kilicho chenu. Kama hujui, sema hujui. Kama uliugua, sema uliugua. Ukikosa kazi utakwenda kwingine. Na zaidi ya yote, nawasihi kwa magoti haya yaliyochoka: msimpeleke mtu mwingine mahali pabaya ili ninyi muonekane wazuri mbele ya mwajiri!

Daktari wa hapa alinipima mwezi uliopita. Alisikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akanipongeza. Amesema kwa kifua hiki nitaishi miaka mingi bado.