Telegrafu ya Joram

Rafiki yangu Mwihaki alitoka Kitengela hadi Kajiado akiwa amefura kwa hasira, mtoto wake Mureithi mgongoni. Wiki hiyo mtoto alikuwa ameshikwa na degedege, na simu haikushika mtandao kwa sababu wezi walikuwa wamekata kebo. Kama Nurto wa dukani hangekimbia kwa miguu kumwita nesi, tungekuwa tumezika. Na mnunuzi wa kebo za wizi alijulikana: ni Joram wa vyuma kuukuu.

"Joram, huna haya! Mtoto wangu angekufa!"

"Mama Mureithi, mimi nanunua, sikati," Joram akacheka. "Ingia stoo uitafute hiyo kebo yako."

Akaingia. Stoo ya mabati haikuwa na dirisha, na hata mchana huo hakuona mkono wake. Kitu kikaanza kugonga gizani. Tak. Tak-tak. Tak.

"Zima hicho kitu!"

"Nizime nini?" Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Hiyo ni telegrafu ya zamani ya stesheni. Ndiyo waliyokuwa wakipelekea habari kwa kugonga. Waya zake niliuza kitambo, Mama. Haijaunganishwa na chochote."

Ikanyamaza. Hapo Mwihaki akasikia kidole cha mtoto begani pake. Tak. Tak-tak. Tak.

Hadi leo hajamsamehe Joram. Mtoto akilala, kidole hugonga, hutulia kidogo, kisha hugonga tena. Mwihaki akikishika, huanza cha mkono ule mwingine.