Vifungo vya Sweta

Asubuhi fundi cherehani alishona sare mlangoni, na mkewe alipiga pasi ndani. Zamani nyumba hiyo ilikuwa na kelele. Siku hizi sauti iliyosikika ilikuwa ya cherehani tu.

Binti yao, waliyemwita Kichuna, alifariki kwa homa kabla hajaota meno. Majirani walikuja kuwapa pole, wakarudi makwao. Tangu hapo hawakujua wamwiteje yule mama. Kumwita Mama Kichuna waliona ni kumtonesha kidonda. Wakawa wanamwita "dada" au "jirani". Hawakuwa na nia mbaya, lakini yeye aliona kama mtoto wake anazikwa tena.

Jirani mmoja, muuguzi, alikuwa akikusanya mifarishi midogo ya kuwapa wazazi wasio na kitu. Mfarishi wa mtoto si kazi ngumu. Ni vitambaa viwili na pamba nyembamba katikati. Mama alichagua mabaki ya vitambaa vya mumewe, akashona. Mwisho alitoa sweta la Kichuna sandukuni. Alikata vifungo vyake vitatu vya njano, akavishona juu ya mfarishi viwe maua.

Muuguzi alipokuja kuuchukua, aliupapasa mfarishi, akavuta kifungo kimoja.

"Mkono wako mzuri," alisema. "Lakini huu siwezi kuupeleka."

"Una kasoro gani?"

"Vifungo. Mtoto huvivuta na kuvitia mdomoni. Kimoja kikikatika, kitamkaba koo. Hata utepe hatuweki, unaweza kumzunguka shingoni."

"Nimevikaza sana."

"Mama Kichuna, uzi huchakaa."

Mama alisikia jina lake, akaanza kulia.

"Ni vya sweta lake," alisema. "Nilitaka naye atoe kitu."

Muuguzi alimkumbatia. Naye machozi yalimtoka. Walipotulia, alimweleza kwa upole.

"Kitambaa kipya kifue kwanza, maana hurudi na kuchuja rangi. Pitisha mishono katikati pia, pamba isije ikajikusanya upande mmoja. Na pini zote zitoke. Wazazi nao tutawaambia: mfarishi ni wa kumlaza mtoto chini acheze, au kumfunika ukiwa umempakata. Akilala kitandani uondoe, usije ukamziba pumzi."

Mlangoni, cherehani ilikuwa imenyamaza. Fundi aliingia na wembe mkononi.

"Lete nifumue," alisema. "Kumbe mke wangu ananishinda kukaza uzi. Wateja wasisikie."

Mkewe alitabasamu kidogo. Lakini kifungo cha kwanza kilimchukua fundi muda mrefu.

"Kifungo chenyewe ni hiki chetu," alisema. "Tangu tumzike hatutamki jina lake humu ndani."

"Ulikuwa unakataa wewe."

"Nilikuwa naogopa. Kichuna, baba yako mwoga."

Wakalia pamoja, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu msiba.

Wakaufumua mfarishi wote. Mama alifua vitambaa, akavianika, akashona upya na kupitisha mishono katikati. Vile vifungo vitatu fundi alivishona ndani ya mfuko wa shati lake la kazi.

Muuguzi aliupokea mfarishi, akamwomba mama waupeleke wote wawili. Wodini walimkuta msichana aliyejifungua mtoto wake wa kwanza, hana hata kanga ya kumfunikia. Alimfunika mtoto mapajani, akaupapasa mfarishi wote kwa kiganja.

"Laini," alisema. "Kashona nani?"

"Mama Kichuna. Ni mimi."

"Asante, Mama Kichuna. Na Kichuna mwenyewe hajambo?"

Muuguzi aliinamisha kichwa. Mama alivuta pumzi.

"Kichuna hatunaye," alisema. "Alikufa. Alikuwa anapenda kushika vidole vya watu."

Msichana alisogea kitandani, akampa nafasi ya kukaa, kisha akampakatisha mtoto.