Nyumba ya Arobaini

Sogeeni. Na ukisikia jina lako likiitwa kabla sijamaliza, usiitike mpaka umjue anayekuita.

Jambo lenyewe lilianza kwa kimya. Sidikatu alikuwa mpanga kurasa wa vitabu pale mjini Ilorin, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike, Mulikatu, wa miaka minane, mwenye mdomo wa kuwahi: humwiti mara mbili, tena kabla hujamaliza kumwita keshajibu. Wazee wa mtaa walikuwa wamempa Sidikatu kitabu cha nasaba, kila nyumba na watu wake, wazima kwa wafu. Kila nyumba aliiwekea faili yake kwenye kompyuta, na juu yao akaweka faili mama, inayoziita moja moja kwa jina nazo zinakuja zinajipanga kitabu kizima.

Nyumba zilikuwa thelathini na tisa. Wazee wakasema huenda ya arobaini ikaleta majina yake baadaye. Sidikatu, kwa kutaka kutenga nafasi, akaandika kabisa mwito wa ile ya arobaini, na faili yenyewe haipo.

Kwa kawaida ukiita faili isiyokuwepo, mashine hupiga kelele, maandishi mekundu juu hadi chini. Siku ile haikusema kitu. Ikanyamaza kama mtu aliyeshapata mgeni.

Ndipo ikaanza kuchelewa. Mnajua mashine hizi: ukiandika herufi mbili tatu za jina, inakufungulia kidirisha inakumalizia lililobaki, nawe unabonyeza kitufe cha kukubali, mambo yamekwisha. Sasa Sidikatu akiandika herufi mbili, mashine inaganda. Akahesabu pumzi zake. Moja, mbili, mpaka saba, ndipo kidirisha kinafunguka. Na katika zile pumzi saba, feni ya ndani ya mashine ilinong'ona, kama mtu anayesoma majina chini kwa chini.

"Rafiu, njoo usikie mashine yako hii," akamwambia mwenye duka alikofanyia kazi.

Rafiu akaja anatafuna karanga. "Dada Sidi, faili thelathini na tisa! Inapekua zote kabla ya kukujibu. Hata wewe ukiulizwa majina ya mashemeji zako wote utaganda."

"Mashemeji zangu nawajua. Hii inanuka."

"Inanuka nini? Karanga zangu?"

"Wino wa ubao wa chuoni uliooshwa."

Rafiu akacheka akaenda zake.

Kazi ilikuwa na siku zake, na pumzi saba kwa kila jina si mchezo. Basi Sidikatu akaanza lile kosa ambalo wapanga kurasa wote hulifanya: anaandika herufi tatu, na kabla kidirisha hakijafunguka, kidole chake kidogo kimeshabonyeza kukubali, macho yapo kwenye jina linalofuata. Anakubali asichokiona.

Adhuhuri moja akarudi nyuma kukagua, akakuta jina limeandikwa: *Risikatu muuza wara*. Akashangaa. Risikatu wa kitabuni alikuwa bibi aliyekufa zamani. Huyu muuza wara ni yule mama wa jibini anayepita kila asubuhi na beseni kichwani, na hakuna aliyemwandika popote.

"Rafiu! Mizaha gani hii?"

"Wallahi sijagusa."

Kesho yake Mama Risika, yule muuza wara, akapita bila kuita. Beseni lipo, wara imo majini, mdomo unafunguka, sauti haitoki. Kesho kutwa hakuamka. Siku ya tatu wakamzika. Sidikatu akarudi kutoka mazikoni na vumbi la upepo wa jangwani bado kwenye kope, akafungua mashine, na pale palipokuwa na faili thelathini na tisa zikawa arobaini. Akaifungua ya arobaini. Jina la kwanza: Risikatu muuza wara. Chini yake, la pili: *Mulikatu wa Sidikatu, anayejibu kabla hajaitwa*.

Hakukumbuka hata kukimbia. Alimkuta mtoto amelala mkekani, jua la saa nane likimpiga usoni, macho yamefunguka kidogo, midomo inacheza bila sauti, na nywele zake zinanuka wino.

"Mulika. Muli wangu. Mama huyu. Jibu basi, nijibu hata kwa jeuri."

Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia, akampeleka kwa Alfa Salmanu, yule mzee aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kusoma juu ya mbao. Mzee akamnusa mtoto, akamtazama mama.

"Umemwita nani?"

"Sijamwita mtu, Baba. Nimeandika mwito wa nyumba isiyokuwepo, nitenge nafasi tu."

"Mwanangu, jina lisilo na mwenyewe unaliitaje? Wapo wanaokaa wakisubiri jina lililo wazi waingie. Huyu amesoma nyumba zenu zote, ndiyo maana anachelewa. Anachagua."

"Mtoe! Anichukue mimi, mtoe!"

"Si mimi niliyemwita. Aliyemwita ndiye anayemuaga. Utaliandika jina la mtoto mahali pake, kitabuni, kwenye nyumba ya baba yake, herufi kwa herufi, kwa mkono wako. Asikumalizie hata herufi moja. Kisha ufute ule mwito."

Wakaenda dukani, mtoto akalazwa mkekani chini ya meza. Alfa akaanza kusoma. Sidikatu akaweka vidole, na kidole chake kidogo, kilichozoea miaka kumi na miwili, kikaanza kusogea chenyewe.

"Rafiu, king'oe! Kitufe king'oe!"

Rafiu akakichomoa kile kitufe cha kukubali kwa ncha ya kisu, akakiweka mezani. "Haya, dada. Andika. Andika tafadhali."

Akaandika M, na herufi ikakaa pumzi saba kabla ya kutokea, akaandika u, na feni ikapanda kutoka mnong'ono hadi sauti za wanawake wengi wakisoma pamoja, na katikati yao ile sauti ya Mama Risika ikiita wara, wara, akaandika l, i, k, akilia kwa kamasi na machozi, na kidirisha kikafunguka kikampa jina zima limekamilika, zuri, limepangwa vizuri kuliko yeye angeweza, kubali tu upumzike, naye akaandika a, akaandika t, na mtoto chini ya meza akaanza kukoroma kama anayezama, na Alfa akasema usisimame, usisimame mwanangu, naye akabonyeza u, akaruka kwenye faili mama akafuta ule mwito.

Tak.

Wote watatu wakaitazama meza. Kile kitufe kilichong'olewa kilikuwa kimebonyea chenyewe, kisha kikanyanyuka taratibu.

Mashine ikazima. Harufu ikakatika.

"Ulimaliza wewe kwanza, au yeye?" Alfa akauliza.

"Mimi, Baba. Mimi." Akarudia mara nyingi sana.

Kutoka chini ya meza mtoto akasema, "Mama, nina njaa." Rafiu akakaa sakafuni akacheka huku analia.

Kitabu kilitoka na nyumba thelathini na tisa. Mulikatu anakula, anacheza, anakwenda shule. Lakini Sidikatu akisimama mlangoni akamwita, yule mtoto wa kuwahi husimama pale uani, mgongo umemgeukia mama, hageuki, hatikisiki. Sidikatu huhesabu. Moja, mbili, tatu. Na ukisogea karibu, utasikia kifuani mwa mtoto kama watu wanasoma majina chini kwa chini.

Kwenye pumzi ya saba, huitika.