Maji ya Kitambaa

Kila jioni, jua likianza kuegemea paa la jirani, Mama aliteleka sufuria kubwa. Chiriku aliijua sauti ya sufuria hiyo kama alivyoijua sauti ya mlango wao. Kwanza mfuniko uligonga, kisha mkaa ukapulizwa, kisha cherehani ikaanza kulia: krrr, krrr, krrr. Mama alikuwa fundi wa sare za shule, na hakuwa na haja ya saa. Maji yalipoanza kutokota ndipo alipoanza kushona kola ya shati. Kola ikiisha, maji yameiva.

“Kola moja,” alisema kila siku. “Pungufu ya hapo ni maji ya moto tu.”

Asubuhi, yakiwa yamepoa, aliyachuja na kuyamimina katika mtungi wa udongo uliokaa pembeni mwa sebule. Kisha aliufunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa cha buluu, kipande kilichobaki kwenye sare, na kukaza fundo mara mbili. Kando yake ulikaa mtungi mwingine, pacha wa ule wa kwanza, wa maji ya bombani ya kufulia na kuogea. Huo haukufungwa kitu. Kwa hiyo yeyote aliyeingia mle ndani, hata mtoto asiyejua kusoma, alijua kwamba penye kitambaa anywe, na pasipo na kitambaa aogee.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo wake. Aliweza kusimulia habari za kiatu kimoja cha mwalimu kutoka bombani hadi nyumbani, na akifika mlangoni alikuwa bado hajamaliza upande wa kisigino. Jambo moja tu lilimkosesha maneno matamu, nalo ni ile sufuria.

“Mama, sisi tunapika maji kuliko mchuzi,” alinung’unika. “Kwao rafiki yangu wanakinga bombani na kunywa palepale. Hawajafa.”

“Na mimi nakunywa yaliyochemka na sijafa. Lete kibiriti.”

“Kila siku yale yale!”

“Kila siku una kiu ile ile. Kibiriti, mwanangu.”

Wiki hiyo mwalimu aliwaagiza wanafunzi waandike juu ya jambo moja la nyumbani wanalolishukuru. Chiriku alikaa mezani akitafuna kalamu. Alimtazama Mama akiinamia cherehani, akautazama mvuke uliotoka jikoni, akautazama ule mtungi. Hakuona kitu. Mwishowe aliandika: “Nyumbani kwetu hakuna jambo jipya. Kila siku ni yale yale.” Akalifunga daftari na kulitupa juu ya rafu.

Siku mbili baadaye zilikuja habari kwamba mama mdogo, anayeishi mji mwingine, ameteleza na kuvunjika mguu. Ilibidi Mama aende kumuuguza kwa wiki nzima. Alisimama mlangoni, mfuko begani.

“Baba yenu atapika. Akiunguza, kuleni. Wewe Chiriku kazi yako ni moja tu, maji. Cherehani huiwezi bado, basi yakishaanza kutokota hesabu hadi mia sita.”

“Na mimi?” aliuliza Bosi, mdogo wake Chiriku. Alikuwa na miaka minne, na jina lake lilitokana na tabia yake ya kuamuru watu.

“Wewe utawasimamia,” Mama akasema. Bosi akaitikia kwa kichwa, kana kwamba alilijua hilo tangu zamani.

Siku ya kwanza Chiriku alihesabu hadi mia sita. Siku ya pili alihesabu pia, ingawa mia mbili aliziruka. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi na mkaa ukalowa. Mvua ilipokatika jioni, Chiriku alipuliza jiko mpaka machozi yakamtoka, na moshi ukamrudia usoni. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba.

“Chiriku! Zamu yako inapita!”

“Mwacheni, anampikia maji mume wake!” mwingine akapaza sauti, na wote wakaangua kicheko.

Aliitazama ndoo ya maji ya bombani. Asubuhi yalikuja na rangi ya chai, lakini sasa tope lilikuwa limetuama chini na juu yalikuwa meupe kama kioo. “Haya yana kasoro gani?” alijiuliza. Akayateka taratibu kwa juu, akayamimina katika mtungi wa maji ya kunywa. Kisha akakumbuka kwamba Baba akiona mtungi umeachwa wazi atauliza. Akakichukua kitambaa cha buluu na kukaza fundo mara mbili. Siku hiyo fundo lilikaa vizuri kuliko siku zote. Akatoka mbio.

Hakuna aliyekufa. Siku ya nne hata jiko hakuliwasha.

Mchana wa siku hiyo Bibi Mapapai aliingia. Huyu alikuwa mjane mzee aliyeuza matunda kwenye meza ndogo karibu na lango lao, na kila siku jua likiwa kali aliingia kunywa kikombe kimoja.

“Nipe maji ya kitambaa, mjukuu wangu,” alisema kama kawaida. “Mtaa mzima huu nayaamini haya tu.”

Chiriku alimpa kikombe kwa mikono miwili huku akitazama sakafu. Bosi naye aliagiza vikombe vitatu, akavimaliza. Chiriku mwenyewe, ajabu, siku hizo hakuwa na kiu akiwa nyumbani.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Bosi hakuamka vizuri. Alitapika, akaharisha, akatapika tena. Macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imemkauka. Kilichomtisha Chiriku zaidi ni kwamba mtoto hakumwamuru mtu chochote. Baba, aliyekuwa seremala, aliiacha randa juu ya ubao, akambeba mwanawe na kwenda naye zahanati. Chiriku alifuata nyuma na kanga za kubadilisha.

Muuguzi aliifinya kidogo ngozi ya tumbo la Bosi, nayo ikarudi polepole.

“Amepungukiwa maji mwilini,” alisema. “Nyumbani mnakunywa maji gani?”

“Hapo usitie shaka,” Baba akajibu kwa fahari. “Mama yake huchemsha kila siku. Sasa amesafiri, anachemsha binti yake huyu. Mtungi wetu una kitambaa.”

Muuguzi alimgeukia Chiriku na kutabasamu. “Vizuri, mama. Basi jana alikula nini?”

“Papai,” Baba akasema. “La pale langoni.”

Chiriku aliinama akazikunja upya zile kanga.

Muuguzi alimnywesha Bosi dawa ya chumvichumvi kijiko kwa kijiko hadi kutapika kukatulia. Alipowaruhusu aliwapa pakiti mbili. “Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa. Mpe kidogo kidogo, msichoke. Akishindwa kunywa, au akilegea zaidi, mrudisheni mbio.”

Walipofika langoni Baba alisimama mbele ya meza ya Bibi Mapapai.

“Mama, unatuuzia nini? Mwanangu nusura nimzike!”

Majirani walianza kutoka mmoja mmoja. Bibi Mapapai alishika ukingo wa meza. Siku hiyo alionekana mdogo kuliko kawaida.

“Sijawahi kuuza kilichooza, mwanangu. Hata mimi tumbo linanisokota tangu jana.”

“Si hayo! Umekula mapapai yako mwenyewe!”

“Ndiyo maana anauza rahisi,” akadakia mtu mmoja.

“Na nzi anawapa bure, nyongeza!” akasema mwingine, na watu wakacheka.

Bibi Mapapai aliyafunika matunda yake kwa gunia, akaenda zake akiwa ameshika tumbo. Chiriku alimtazama hadi akakata kona. Msichana aliyekuwa na neno kwa kila kitu alisimama pale kama nguzo ya lango.

Ndani, Baba alimlaza Bosi mkekani. Akafungua fundo la kitambaa cha buluu, akateka maji, akajaza chupa ya lita moja. Akamimina unga wa dawa na kutikisa.

Chiriku aliisikia ile chupa ikitikiswa kana kwamba inatikiswa ndani ya kifua chake. Akisema, Baba atajua yote: uvivu, uongo, na yule bibi aliyetukanwa bure. Asiposema, hakuna atakayejua kamwe. Mama angerudi, angechemsha maji mengine, na maisha yangeendelea. Kijiko kikajaa. Baba akakiinua. Bosi akafungua mdomo, kwa sababu alikuwa na kiu na kwa sababu aliyempa ni baba yake.

“Usimpe!” Chiriku aliurukia mkono wa Baba. Kijiko kikaanguka, dawa ikamwagika mkekani.

“Una wazimu? Hiyo ni dawa!”

“Maji hayakuchemshwa, Baba. Ni ya bombani. Tangu juzi. Nilifunga kitambaa tu.”

Baba aliitazama chupa. Kisha alikitazama kitambaa kilichokuwa bado mkononi mwake, akakigeuza upande huu na huu kama mtu anayetafuta tundu. Chiriku alisubiri kofi. Halikuja, na alitamani lingekuja.

“Washa jiko,” Baba akasema.

Alipasua vipande vikavu vya mbao zake, Chiriku akapuliza. Moshi ulimrudia usoni kama juzi, ila leo hakugeuza uso. Maji yalipotokota akaanza kuhesabu. Alipofika mia tatu Bosi alilia, “Maji… nataka maji…” Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. Mkono wa Chiriku uliinuka kuishika sufuria, akaurudisha. Mia tatu na moja. Mia tatu na mbili. Hakuwahi kujua kwamba mia sita ni nyingi kiasi kile, wala kwamba Mama huzipitia kila siku akiwa ameinamisha mgongo juu ya kola za watoto wa watu wengine.

Waliiweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ipoe. Wakaifungua pakiti ya pili, ya mwisho. Mchana kutwa walimnywesha kijiko kwa kijiko, huyu akichoka huyu anapokea. Jua lilipoegemea paa la jirani, Bosi aligeuza kichwa.

“Wewe,” alimwambia Chiriku. “Lete mto.”

Baba alicheka, kisha akajifuta uso kwa kiganja.

Mama alirudi kesho yake asubuhi baada ya Baba kumpelekea habari zote. Baba hakumngoja aketi. Alimshika Chiriku mkono wakaenda langoni, ambako majirani wale wale walikuwa wakipita.

“Mama,” alimwambia Bibi Mapapai kwa sauti iliyosikika hadi bombani, “jana nilikutukana mbele ya watu, leo naomba radhi mbele ya watu. Papai halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa nyumbani kwangu.”

“Ni langu,” Chiriku akasema. “Na wewe nilikunywesha yale yale, Bibi. Nisamehe.”

Bibi Mapapai aliwatazama mmoja baada ya mwingine. “Nimesikia. Nami tumbo limeshatulia,” alisema. “Lakini mapapai ya jana yameoza chini ya gunia, na maneno ya jana bado yanatembea mtaani. Nendeni, mtoto anawangoja.”

Chiriku alirudi akidhani amemaliza. Alimkuta Mama ameketi kwenye cherehani, lakini cherehani haikulia. Mapajani alikuwa na daftari, limefunguka kwenye ukurasa wenye sentensi mbili.

“Umeandika kweli,” Mama akasema. “Kila siku ni yale yale. Wiki hii limetokea jambo jipya. Umelipenda?”

Chiriku alilia mpaka akakosa pumzi. Mama alimwacha alie, kisha akamvuta karibu.

“Sikia, mwanangu. Kazi ya nyumbani ina ubaya mmoja. Ikifanywa vizuri, haionekani. Hakuna anayesema, leo sikuumwa tumbo, leo sikulala njaa. Ndiyo maana ni rahisi kuidharau. Kile kitambaa hakiui wadudu. Ni neno langu tu, kwamba anayechukua kikombe hapa anywe bila hofu. Ulipokifunga juu ya maji mabichi uliwapa watu neno langu la uongo. Lakini ulipoushika mkono wa baba yako, ulilirudisha. Hilo nalo nimeambiwa. Ukitaka kushukuru, usitafute makubwa. Anza na maji ya kunywa, na mkono ulioyachemsha.”

Jioni ile walisugua mtungi pamoja, nje na ndani. Mama alishona kola moja. Asubuhi maji yalipochujwa, alimpa binti yake kitambaa.

“Funga.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Bibi Mapapai hakuja siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Kila mchana Chiriku alisuuza kikombe cha Bibi na kukiweka mahali pake. Siku ya nne kivuli kilisimama mlangoni. Bibi aliutazama mtungi, akaligusa fundo kwa kidole.

“Kafunga nani hiki?”

Cherehani ikasimama.

“Mimi, Bibi. Mia sita. Nimehesabu zote.”

Bibi Mapapai alimkazia macho kwa muda mrefu. Kisha aliketi, akanyoosha mkono. Alikunywa polepole, akakimaliza kikombe hadi tone la mwisho.

“Asante, mjukuu wangu,” alisema.

Chiriku alishtuka. Neno lilikuwa dogo, lakini lilimpa joto kama mkaa uliokolea. Aligeuka akamtazama Mama, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa amemwekea maji ya kunywa kila siku na hakupewa neno hilo hata mara moja. Akateka kikombe kingine, akampelekea mama yake kwenye cherehani kwa mikono miwili.