Karata ya Njia Iliyofungwa

Kila mapumziko, Kiroboto alitandaza karata kuukuu za shangazi yake kwenye dawati la nyuma. Jina hilo alilipata kwa sababu hawezi kukaa kitako dakika mbili. Shangazi, msoma karata wa mtaa mzima, humhoji mteja weee, ndipo afunue karata saba, moja moja. Kiroboto aliona huko ni kuchelewa tu. Yeye alifunua moja na kutaja maana aliyoikariri kwenye simu ya kaka yake. Haya, mteja mwingine!

Jumatatu mteja alikuwa rafiki yake Twiga, msichana mrefu kama nguzo ya umeme, mguu umefungwa bendeji.

"Kesho narudi hospitali kusafishwa kidonda. Nitaumia sana?"

Kiroboto akafunua. "Njia imefungwa! Usiende, mwenzangu, utajuta."

Twiga akashusha pumzi kama mtu aliyeepuka viboko.

Alhamisi Twiga hakuja shuleni. Kiroboto akaandika, akafuta, akaomba ruhusa ya chooni mara tatu bila haja.

"Wewe leo umekalia siafu?" mwalimu aliuliza.

Kengele ya mwisho ikilia, alikuwa keshapita getini.

Alimkuta Twiga kwao, kitandani, anatetemeka kwa homa, mguu umevimba na kutoa harufu.

"Mama nimemwambia nilikwenda," Twiga alinong'ona. "Usinichongee."

Kiroboto akazunguka uani, akarudi mlangoni, akazunguka tena. Akisema, atawaponza wote wawili. Asiposema, mguu je? Akatimua mbio hadi kwa shangazi, akamwaga yote kwa pumzi moja.

Shangazi alimwacha mteja mdomo wazi. Nusu saa baadaye, yeye na mama yake Twiga walikuwa wamemfikisha mgonjwa hospitalini.

"Mngengoja siku mbili zaidi," daktari alisema, "tungekuwa tunazungumzia kuukata mguu."

Twiga alilazwa. Siku ya tano homa ikashuka.

"Shangazi, nilikosea kusoma karata?" Kiroboto aliuliza kwenye benchi la nje ya wodi.

"Ulikosea kuifunua. Mama yangu alinikataza kumfunulia mgonjwa hata kabla hajanifundisha kuzichanganya. Simu haikuwa na macho ya kuona bendeji. Wewe je?"

"Niliiona," Kiroboto alisema.

"Ila ulikuja kusema, mwanangu, tena mbio. Mgonjwa ni wa daktari. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana ukimya wako mwenzako ndiye anayeuugulia."