Ushindi wa Mezani

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule, alikuwa na kazi moja kabla ya kula: kuokota pini. Shangazi yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilijaa sare zilizokatwa nusu, vipande vya uzi na pini zilizodondoka sakafuni. Chiriku alizinasa kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba, huku mdomo wake ukienda kasi kuliko cherehani. Ndiyo maana akaitwa Chiriku.

Siku hiyo, hata hivyo, alikuwa kimya. Kesho yake shule ingezindua uwanja wa badminton, mchezo wa kupigiana kinyoya kwa raketi juu ya wavu. Mwalimu wa michezo alimchagua Chiriku asome historia ya timu ya taifa mbele ya shule nzima, kwa sababu shangazi yake aliwahi kuichezea. Shangazi mwenyewe angekuwa mgeni wa heshima. Gauni lake lilikuwa limeshapigwa pasi, likaning'inizwa mlangoni.

"Lete hiyo historia niione," Shangazi alisema, pini tatu zikiwa zimebanwa midomoni.

"Si utaisikia kesho, shangazi?"

"Lete."

Chiriku akatoa daftari. Shangazi alisoma akiwa amesimama. Alipofika katikati, alizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kimto. Chiriku aliijua dalili hiyo. Shangazi akitoa pini mdomoni, ana maneno mengi.

"'Timu yetu ilitwaa medali mbili za fedha.' Ziko wapi? Nimezimeza?"

"Nili... nilikadiria."

"Umekadiria! Medali ni nyanya? Na hii je? 'Vilevile timu hiyo ilikuwa hodari katika mpira wa meza.' Mimi? Tangu nizaliwe sijashika kibao cha mpira wa meza!"

"Gazeti ndilo limesema!" Chiriku alichomoa kipande cha gazeti kilichokunjamana, alichokiokota kabatini. "Soma hapo: 'Wanawake wetu washinda mezani.'"

Shangazi akalitazama gazeti, akamtazama Chiriku, kisha akatazama dari kama anayeomba subira.

"Kushinda mezani ni kushinda bila kucheza! Ndege ya wapinzani ilichelewa, hawakutokea, tukaandikiwa ushindi. Tulishinda tukiwa tunafunga kamba za viatu! Mtoto, kabati liko pale, mimi niko hapa, ni hatua tatu. Ulishindwa nini kuniuliza?"

"Niliogopa utaniambia ukweli."

Shangazi alilikunja gazeti taratibu.

"Kisiki wa darasa letu anasema mlikuwa timu ya kupigwa tu," Chiriku aliendelea. "Anasema kila siku."

"Kisiki kasema kweli. Tulipigwa."

"Sasa nisome historia gani? Ya vipigo?"

"Soma unachotaka. Ila ukisoma medali, mimi siji. Siwezi kukaa kiti cha mbele nikipigiwa makofi ya kitu ambacho sikukipata. Mwenzangu niliyecheza naye anauza viatu mtaa wa pili. Atanitazama kwa jicho gani? Chagua: medali zako au mimi."

Akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa hasira hadi uzi ukakatika.

Chiriku alilitazama lile gauni mlangoni. Akashusha pumzi kwa nguvu, makusudi asikike, akafungua ukurasa mpya.

"Haya. Safari ya kwanza nje ya nchi mlipata pointi ngapi?"

"Tatu."

"Mia tatu?"

"Tatu! Wenzetu ishirini na moja, sisi tatu. Tulikuwa tukijifunzia kwenye ghala lenye dari la chini. Hatukuwahi kuona kinyoya kikipaa. Wapinzani wakapiga juu, sisi tukabaki kukodoa macho kama tunaotafuta mwezi."

Chiriku alicheka bila kutaka. "Mkafanyaje?"

"Tukatoka ghalani. Tulianza kufanya mazoezi nje, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Safari ya pili, ukiacha huo ushindi wako wa mezani, tulipata tisa. Ya tatu tulikutana na mabingwa wenyewe. Kumi na tisa."

"Wao?"

"Ishirini na moja."

"Pointi mbili tu! Shangazi!" Chiriku alitupa kalamu. "Mlishindwaje pointi mbili?"

"Usinikasirishe upya. Okota kalamu uandike."

Kesho yake Shangazi alikaa kiti cha mbele, gauni limemkaa sawasawa. Chiriku alisimama kando ya wavu mpya, karatasi mkononi. Aliposoma "pointi tatu," kicheko kililipuka.

"Tatu! Nilisema mimi!" Kisiki alipaza sauti.

Chiriku alitamani kuitafuna ile karatasi. Alimtazama Shangazi, naye akamwashiria kwa kidevu: endelea. Akaendelea. Alisoma habari za ghala, za upepo wa alfajiri, za ushindi wa mezani. Wanafunzi walizidi kutulia. Alipofika kwenye kumi na tisa kwa ishirini na moja, shule nzima iliguna kwa uchungu.

"Na hadi leo," alimalizia, "timu yetu haijashinda mechi ya kimataifa uwanjani."

Kisiki alisimama, uso umekunjamana. "Pointi mbili tu! Mama, mlishindwaje?"

"Wewe wa pili kuniuliza tangu jana," Shangazi alijibu. "Zile mbili bado ziko huko. Raketi ni hizo hapo. Nenda kazitafute."

Mwalimu wa michezo hakuwahi hata kupuliza filimbi. Foleni ya raketi ilikuwa imeshafika mlango wa darasa, na Kisiki alikuwa wa kwanza.

Njiani kurudi, Shangazi alimshika Chiriku bega.

"Umeona? Ungewapa medali za uongo, wangepiga makofi wakaenda zao. Umewapa pointi tatu za kweli, wamepata mahali pa kuanzia. Ukiipamba kazi ya mtu kwa uongo, mwanangu, unamnyang'anya hata kile kidogo alichokitolea jasho. Na usipojua jambo, uliza. Kuuliza si ujinga."

"Sawa, shangazi. Basi naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kinyoya kinatoka kwa ndege gani? Na kwa nini wavu hauko chini kidogo? Na yule bingwa mliyecheza naye alikuwa mrefu? Na kwa nini..."

"Mtoto huyu!" Shangazi alifumba macho. "Pini zangu ziko wapi nizirudishe mdomoni?"